Kupokea Isale

Lydia alirudi Arusha baada ya miaka kumi na tisa ya kuchoma watu sindano Tunduru, na alirudi akiwa amepanga kila kitu. Uhamisho ulikuwa umetoka. Hospitali ilikuwa imempangia wodi. Mume wake Mika, fundi seremala mzaliwa wa Mbinga, alikuwa amefunga karakana yake ili amfuate mkewe kwenye baridi. Binti yao wa pekee, Diana, miaka kumi na minne, angeanza kidato cha pili Januari. Shamba la korosho limeuzwa, nyumba ya Tunduru imeuzwa, na hela yote iko benki, milioni sabini kasoro kidogo. "Bado nyumba tu," aliwaambia wenzake wa wodini siku ya kuagana. Nyumba tu! Alisema hivyo kana kwamba nyumba Arusha zinaokotwa.

Mji aliouacha akiwa msichana ulikuwa na nafasi. Mji alioukuta ulikuwa na madalali. Wa kwao aliitwa Bariki, kijana mwenye simu tatu, na kila alipowapeleka kuona nyumba alidai elfu ishirini ya kuonyeshwa, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa imeuzwa jana yake. "Mama, Arusha ya sasa nyumba haiangaliwi mara mbili," alimwambia. "Watu wa utalii wana hela, watu wa Nairobi wanavuka mpaka, na uwanja wa mpira ndio huo unajengwa. Wewe ukiuliza maji yanatoka siku ngapi, mwenzako ameshalipa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Themi walikuta familia sita zimesimama uani, kila moja ikijifanya haijapenda kitu ili nyingine isipandishe dau. Mwanamume mmoja hakuingia hata jikoni. Alisimama getini, akatuma malipo ya awali kwa simu, akaondoka, na mwenye nyumba akawaambia waliobaki asanteni kwa kuja. Ngaramtoni, siku ya soko, muuzaji alipandisha bei kwa milioni kumi wakiwa wamesimama mbele yake, kwa sababu tu aliona gari la pili likiegesha. Lydia alimwuliza kama haoni aibu. Mzee yule akamjibu kwamba aibu anaiona, lakini ada ya wajukuu anaiona zaidi.

Wakapanga vyumba viwili Sakina kwa muda. Chumba kimoja walilala Lydia na Mika. Cha pili kilijaa vitanda vilivyofunguliwa, masufuria, na mbao za mninga ambazo Mika alikataa kuziacha Tunduru, na katikati ya mbao hizo wakamtandikia Diana godoro. Mtoto hakulalamika. Aliuliza tu kila Jumapili, "Mama, wiki hii tunahama?" Na Lydia, ambaye wodini hakuwa na kawaida ya kudanganya hata mgonjwa mahututi, alimdanganya mwanawe kila Jumapili.

Hapo ndipo alipoingia kaka Sadoki. Baba yake Sadoki na baba yake Lydia walikuwa tumbo moja, kwa hiyo kwao Meru yule ni kaka, hakuna cha binamu. Alikuwa na miaka hamsini na tano, mzee wa kanisa, mwenye magari mawili ya kubeba watalii na sauti laini ya kuombea wagonjwa. Zaidi ya hayo, ndiye aliyeshika kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba kule Akheri. Baba yake Lydia alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, na binti hahesabiwi kwenye kihamba, kwa hiyo ardhi ilihamia kwa Sadoki kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Mama yake Lydia, Bibi Nanyori, aliachiwa nyumba ndogo ya vyumba viwili katikati ya migomba ile. Aliyemwachia ni Sadoki, kila mtu alilijua hilo, na Bibi Nanyori alilijua kuliko wote.

"Dada, unahangaika na madalali wakati mimi nina nyumba Engutoto imekaa bure?" alisema Sadoki kwenye simu. "Niliijengea mwanangu, naye amekwenda zake Canada harudi. Haijaisha, sikufichi. Lakini ni nyumba. Mtu baki ningemwambia tisini. Wewe lete sitini."

Lydia akalia kwa furaha. Hapa ndipo mtu angetamani kumshika mabega amtikise. Mwanamke aliyekuwa akihesabu vidonge mara mbili kabla ya kumpa mgonjwa, aliyekataa kusaini daftari la dawa mpaka achungulie kabati mwenyewe, sasa alikuwa anafuta machozi kwa kitenge na kusema Mungu ni mwema. Mungu ni mwema, ndiyo, lakini si yeye aliyekuwa anauza nyumba.

Walikwenda Akheri kukamilisha jambo. Sadoki alichinja mbuzi. Wazee wa ukoo wakaitwa, na mkubwa wao, baba mdogo Gerson, akaomba sala ndefu juu ya sinia la nyama. Walipokuwa wanakula, Lydia akajikaza akasema lile ambalo Mika alikuwa amemsisitizia njia nzima.

"Kaka, nilikuwa naona na sisi tuandikishane kidogo. Pale kwa mwenyekiti wa mtaa, hata mistari miwili."

Watu wakaacha kutafuna. Sadoki akauweka mfupa wake chini taratibu. "Tuandikishane?" aliuliza. Hakukasirika, alihuzunika, na huzuni yake ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Dada, kwani mimi ni dalali?"

Bibi Nanyori akamfinya binti yake paja chini ya meza, finyo lile lile la utotoni. Baba mdogo Gerson akacheka ili kuokoa hali. "Mwanangu, umekaa sana kusini. Karatasi ni ya watu wasiojuana. Hapa tumekula nyama moja na wote tumesikia. Sisi ndio karatasi."

Wakacheka wote, na Lydia akacheka nao, uso ukimwaka kwa aibu. Jumatatu akaingiza milioni sitini kwenye akaunti ya Sadoki, akakunja risiti ya benki akaiweka ndani ya Biblia. Mika alisema kwao Mbinga hata ukiuziana kuku mnaandikishana. "Hapa si Mbinga," Lydia alimjibu, na alijisikia vizuri kusema hivyo, maana kwa mara ya kwanza tangu arudi alijiona mtu wa nyumbani.

Nyumba ya Engutoto ilikuwa na vyumba vitatu, bati zuri, na mengine yote yalikuwa aibu. Milango ilikuwa ya mbao za boksi. Dari hakuna. Jikoni kulikuwa na sinki limesimama peke yake. Sadoki akawapa funguo, akasema, "Nyoosheni mnavyopenda, ni kwenu." Nao wakanyoosha. Miezi miwili na nusu Mika alifanya kazi mle ndani bila kulipwa na mtu, na mbao zile za mninga zikatoka Sakina moja moja zikawa milango. Akatengeneza makabati ya jikoni kutoka ukuta hadi ukuta, akayapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hukwaruziki. Akapigilia dari. Lydia akitoka zamu alivaa gauni bovu akapaka rangi. Diana alisafisha madirisha kwa gazeti na kuchagua chumba cha nyuma, kile ambacho asubuhi ukifungua pazia Meru yote iko mbele yako. Hela iliyobaki benki ikaishia kwenye saruji, rangi, tangi la maji na vigae. Lydia hakujuta hata shilingi. Walipanga kuhamia wiki ya Krismasi.

Mwanzoni mwa Desemba Sadoki alikuja na mgeni, bwana mmoja mtaratibu mwenye viatu visivyo na vumbi. "Rafiki yangu wa kwenye utalii," alisema. "Nimemsifia kazi ya shemeji, akasema lazima aione."

Lydia aliwapokea kwa mikono miwili. Aliwapa chai na maandazi, kisha akamtembeza mgeni nyumba nzima. Alimfungulia kila kabati. Alimfungulia bomba aone maji yanavyokuja kwa nguvu. Alimweleza kwamba jikoni jua linaingia asubuhi, kwamba majirani ni watu wa amani, kwamba mtaa huu wizi hakuna, na kwamba maji yakikatika tangi linatosha siku nne. Mgeni akapapasa mlango. "Hii ni mninga?" Mika, ambaye kwa kawaida alikuwa mzito wa maneno, akaeleza dakika kumi jinsi alivyoikausha mwenyewe. Mgeni akaomba kupiga picha amwonyeshe mkewe. Lydia akakimbia kuondoa ndoo na matambara ili picha zitoke vizuri. Wakati wa kuondoka, bwana yule akamvuta Sadoki pembeni wakaongea kidogo getini, na Lydia akawapungia mkono akiwa barazani. Madalali wote wa Arusha wangejipanga foleni wasingeisifu nyumba ile kama alivyoisifu yeye.

Siku tatu kabla ya Krismasi walikuja na mapazia, wakakuta kufuli jipya getini na mlinzi mwenye sare.

"Mwenye nyumba amesema asiingie mtu," alisema mlinzi.

"Mwenye nyumba ni mimi," alisema Lydia.

Mlinzi akamtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Mama, usinitanie. Mwenye nyumba namjua, yuko Dar, anakuja mwezi wa pili."

Lydia akampigia Sadoki pale pale, amesimama juani na fimbo za mapazia kwapani. Sadoki alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa laini vile vile.

"Dada, usipige kelele barabarani. Nilikuwa nikupigie. Yule bwana ametoa mia na thelathini. Mia na thelathini, dada! Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Na hela yangu?"

"Hela yako ipo, haipotei. Ila kwa sasa nimeitia kwenye Land Cruiser, iko gereji inakatwa paa iwe ya watalii. Msimu ukianza nitakuwa nakupunguzia. Laki tano kila mwezi."

Lydia hakuhitaji kalamu. Laki tano kila mwezi ni miaka kumi, na baada ya miaka kumi Diana angekuwa mtu mzima mwenye kwake. Akili yake ikakataa kulibeba jambo kubwa kiasi hicho, ikashika dogo. "Na makabati ya Mika?"

"Makabati yameuzwa pamoja na nyumba," alisema Sadoki. "Kwa kweli ndiyo yaliyomvuta."

Mika aliposikia hivyo akageuza njia. Alirudi Sakina, akachukua bisibisi na nyundo, akaenda Engutoto kung'oa milango yake. Mlinzi akaita polisi. Mtu aliyejenga mlango kwa mikono yake alilazwa sakafuni kituoni kwa kujaribu kuuvunja, na alitoka mchana wa mkesha wa Krismasi akiwa na homa. Sikukuu wakaila kwenye chumba cha mbao, ambacho sasa hakikuwa na mbao, na godoro la Diana lilionekana dogo katikati ya sakafu tupu.

Msaada ulitoka kanisani. Mama mmoja wa usharika wao, Catherine, alikuwa wakili, na baada ya kusoma risiti ya benki aliuliza ziko wapi karatasi nyingine. Lydia alisema hakuna. Catherine akavua miwani, akaivaa tena. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na baada ya wiki moja aliwaita ofisini na habari.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Nimeandika barua kwamba nyumba ina mgogoro. Mnunuzi amelipa nusu tu. Nusu ya pili ameizuia mpaka aletewe maandishi ya ukoo kwamba hakuna mtu anayedai. Hataki kelele, ana nyumba nyingine tatu anazoziangalia. Mkikaza wiki mbili, atakimbia. Akikimbia, Sadoki hana mtu mwingine wa kuuzia nyumba yenye barua yangu, na atawaletea funguo mwenyewe. Kwa hiyo msisaini kitu. Msikubali kitu. Hata akiwaletea maji, msinywe."

Lydia alitoka ofisini mle akiwa na nguvu miguuni kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi mzima. Wiki mbili. Alikuwa amesubiri uhamisho miaka tisa, wiki mbili zilikuwa nini kwake?

Sadoki hakuja Sakina. Alikwenda Akheri na blanketi jipya na kilo mbili za sukari, akakaa na Bibi Nanyori alasiri nzima. Walichoongea Lydia hakuambiwa. Mama yake alimpigia tu simu siku ya pili yake. "Mwanangu, kaka yako analeta isale. Jumamosi. Uje."

Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba kule mlimani, na kwa mgeni ni ua tu. Lakini mkosaji akilichuma jani lake akalishika kwa mikono miwili akakuletea mbele ya wazee, hapo si mmea tena. Ukilipokea, kosa limekwisha, halirudi kwenye kikao wala mahakamani. Ukilikataa, kosa linamtoka yeye linakuja kwako, na kuanzia siku hiyo msiba wako unauzika peke yako. Lydia alikulia kwenye habari hizo. Watu walishaua wakaleta isale wakasamehewa. Sadoki alikuwa ameuza nyumba tu.

"Jani?" aliuliza Mika. "Mtu anachukua milioni sitini halafu anakupa jani?"

"Sipokei."

"Uniapie."

"Mika, sipokei. Waache wanisuse, wasinizike. Sipokei." Na tumpe haki yake: alimaanisha. Alikesha wodini na kifo mara nyingi mno kuweza kuogopa kuzikwa na watu wachache.

Jumamosi akapanda Akheri peke yake, maana mkwe hakai kwenye kikao cha ukoo. Viti vilikuwa vimepangwa mbele ya nyumba ya mama yake. Wazee kumi na mmoja, wanawake nyuma, sufuria la nyama jikoni likinukia tayari, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wasiwasi jambo litaishaje. Lydia akamsalimia kila mzee shikamoo yake, akakaa karibu na mama yake, akaficha mikono ndani ya kitenge. Alikuwa amelipanga hilo. Mikono ikikaa ndani, haiwezi kumsaliti.

Sadoki akatokea kwenye migomba, miguu peku, jani mbichi mikononi. Akapiga magoti kwenye udongo. Analia. Na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililomkera Lydia kuliko yote.

"Dada, nimekosa. Tamaa ilinishika. Nakuomba kwa isale hii, unisamehe."

"Sipokei," alisema Lydia.

Wanawake wakaguna. Lydia akaendelea. "Nataka funguo. Akileta funguo nitapokea jani, nitapokea na mashina. Leo sipokei."

Baba mdogo Gerson hakupandisha sauti. "Binti yangu, unajua unachokikataa?"

"Nakataa kuibiwa, baba mdogo. Ninyi mliniambia ninyi ndio karatasi. Haya, isomeni hiyo karatasi. Semeni nilinunua au sikununua."

Hakuna mzee aliyemtazama. Mmoja alikohoa, mwingine akaanza kuchora chini kwa fimbo. Walikuwa wanakumbuka kila kitu, hadi mbuzi alikuwa wa rangi gani, na kila mmoja aliamua kumwachia mwenzake aseme. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kumwona yule mwanamke ni mkaidi. Sadoki akasogea mbele kwa magoti, akanyanyua jani mara ya pili, na mara ya pili Lydia akatikisa kichwa.

"Mara ya tatu ni ya mwisho," alisema Gerson.

Lydia akamtazama Sadoki vizuri. Jasho lilimtoka kipajini hali ya kuwa upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Alikuwa anaogopa. Mzee wa kanisa, mwenye kihamba, mwenye sauti laini, alikuwa anamwogopa yeye, kwa sababu bila yeye milioni zile hazitoki na gari lile linabaki gereji bila paa. Furaha kali ikampanda Lydia kifuani, furaha isiyo ya kikristo hata kidogo. Alikuwa ameshinda. Alifungua mdomo amalize.

Mkono ukapita mbele ya kifua chake, mkono mwembamba wenye vifundo vilivyokakamaa, ukalichukua lile jani.

"Nimepokea," alisema Bibi Nanyori.

Vigelegele vikapasuka nyuma. "Mama!" alisema Lydia, lakini hata yeye hakujisikia. Gerson alikuwa ameshasimama, mikono juu. "Mama akipokea, mtoto amepokea! Limekwisha!" Wazee wakaitikia limekwisha, kwa nguvu ya watu waliotua mzigo, na Sadoki akaikumbatia miguu ya Bibi Nanyori akailowesha machozi.

Kisha akasimama, akapangusa magoti, akatoa bahasha ndani ya koti. Nakala nne, zimechapwa, na kidau cha wino wa dole gumba. Ukoo unathibitisha kwamba nyumba ya Engutoto haina mgogoro. Bibi Nanyori akabonyeza kidole mara nne bila kuuliza kimeandikwa nini. Karatasi zikawekwa kwenye mapaja ya Lydia. Kutosaini sasa kulikuwa na jina lingine: ni kumwambia mama yake, mbele ya ukoo mzima, kwamba mkono wake si kitu. Lydia aliangalia nafasi iliyoachwa kwa ajili yake. Walikuwa wameandika jina lake kamili, pamoja na cheo chake cha uuguzi, bila kosa hata moja. Akasaini kwa kalamu aliyoazimwa na Sadoki.

Chakula kikaletwa. Sahani ya kwanza ilikuwa ya Lydia, kama inavyotakiwa kwa aliyesamehe, na juu yake waliweka nyama ya mbavu. Watu walikuwa wachangamfu. Walianza kuongea bei ya kahawa. Simu ya Lydia ilitikisika kwenye mkoba, ikanyamaza, ikatikisika tena. Alijua ni Mika.

"Kwa nini, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bibi Nanyori alikuwa anatafuta kipande laini, meno yake yalibaki machache. Akaonyesha kwa kidevu upande wa kaburi la mumewe, kule kwenye migomba. "Juzi kaka yako alinipeleka pale nitakapozikwa, pembeni ya baba yako. Akaniambia, mama mdogo, Lydia akikataa, hapa napanda ndizi." Akatafuna kidogo. "Wewe una mume, una mshahara. Utapata nyumba nyingine. Mimi nina pale tu."

"Diana analala chini, mama. Hakuna tena hela. Hakuna nyumba nyingine."

"Najua," alisema mama yake. "Nilijua wakati napokea."

Lydia alisubiri aendelee, apate hata neno la kumpelekea mtoto Sakina, lakini mama yake alikuwa amemaliza. Alijifunika vizuri blanketi lake jipya, akasogeza sahani ya binti yake karibu. "Kula," alisema. "Wanakutazama."

Lydia akachukua ubavu mmoja, akauma, akatafuna. Sadoki alikuwa anapita na bakuli akiwahudumia watu kwa mikono yake mwenyewe, ameshavaa viatu. Alipofika kwake akainama, akammiminia mchuzi wa moto juu ya nyama, akamwuliza kama unatosha au amwongezee.

"Unatosha," alisema Lydia. "Asante, kaka."